Matangazo ya "masaji mwili mzima" yametujaa: tuyafute, tuyasafishe maneno, au tufunge sehemu nzima?

Ngalawa77

Assalaam alaykum. Tovuti ni ndogo, ya matangazo ya bure hapa Unguja, na ina kundi lake la Facebook. Nyumba za kupanga, vespa, friji za mtumba, ajira za mahoteli. Wanaotangaza ni wa Mjini, Fuoni, Paje, Nungwi, na kidogo Chake na Wete.

Sehemu ya "Afya na Urembo" sasa haitazamiki. Tangazo la kawaida liko hivi: "Masaji mwili mzima, nakuja ulipo, saa 24, huduma zote, mgeni mjini siku 4 tu." Picha ya msichana, uso nusu, na namba ya simu imeandikwa nusu tarakimu nusu maneno. Ukilifuta asubuhi, kabla ya adhuhuri lishapandishwa tena kwa jina jengine.

Serikali zinazibana tovuti za namna hii kila pembe, kwa hiyo tunataka kujua mwenye tovuti anasimama wapi ikiwa tangazo hakuliandika yeye. Mwenzangu anataka tuweke programu ya kufuta yale maneno mabaya tu, tangazo lenyewe libaki. Mwengine anasema tufunge sehemu nzima, yaishe. Wajuzi mnasemaje?

Sheria_Mkononi

Waalaykum salaam. Nianzie hilo la kufuta maneno, maana ndilo litakalokutieni ndani. Msithubutu.

Tazameni yaliyoifika Backpage, tovuti ya matangazo ya Marekani. Kwa miaka ilijikinga na kifungu cha 230 cha sheria yao ya 1996, kinachosema mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa ndiye msemaji wa kilichoandikwa na mtu mwengine. Kinga ilikuwa nzito kweli. Kilichoitoboa ni ripoti ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti, Januari 2017. Ilionyesha kuwa tovuti ilikuwa na chujio linaloondoa maneno yanayoashiria umri mdogo au kulazimishwa, kisha tangazo lililobaki linachapishwa kama kawaida. Yaani umeliona, umelijua, umefuta alama, umelipitisha. Hapo "hatukuandika sisi" haisemeki tena: mkono wako umo ndani ya tangazo, na ushahidi kuwa ulijua umo ndani ya kumbukumbu za seva yako mwenyewe.

Sehemu ya watu wazima wakaifunga mwezi huohuo. Tarehe 6 Aprili 2018 FBI wakaikamata tovuti nzima. Wengi hudhani iliangushwa na sheria mpya ya FOSTA, lakini FOSTA ilitiwa saini tarehe 11, siku tano baadaye. Sheria za zamani zilitosha, kwa sababu ushahidi wa kujua ulikuwepo. FOSTA yenyewe inamfunga mpaka miaka 10 mwenye tovuti anayeiendesha kwa nia ya kukuza ukahaba, na mpaka miaka 25 ikiwa ni ukahaba wa watu watano au zaidi.

Tuje kwetu. Hapa watu huchanganya sheria, kwa hiyo zitenganisheni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, 2015, inafanya kazi Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu cha 50. Kifungu cha 14 ni cha kuchapisha ponografia: faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Ikiwa ni ya uchafu uliopindukia, milioni 30 au miaka 10. Zingatieni neno "isiyopungua": hicho ni kiwango cha chini. Tangazo la maneno matupu bila picha chafu si lazima liingie hapo. Picha ikiwa ya mtoto ni kifungu cha 13, na hapo pana maelezo yake mbali.

Ukahaba wenyewe, kuishi kwa pato la ukahaba na kuweka danguro viko kwenye Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Na. 6 ya 2018. Anayekutajieni "Kanuni ya Adhabu Sura ya 16" anazungumzia ya Bara. Haitumiki Kisiwandui wala Mkoani. Polisi ni wa Muungano, lakini mashtaka yanapelekwa na Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, kwenye mahakama za Zanzibar.

TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, wana mkono hapa kwa sababu posta na simu ni mambo ya Muungano. Wana ofisi Zanzibar. Utangazaji wa redio na televisheni ndio wenye tume yake huku. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilitoa saa 12 kuondoa maudhui yaliyokatazwa. Za 2020 zikakata mpaka saa 2. Saa mbili, jamani. Kama barua pepe ya malalamiko inafunguliwa na mtu mmoja, naye yuko msikitini kisha sokoni, imeshapita. Wekeni namba ya simu inayopokelewa na watu wasiopungua wawili kwa zamu.

Na kinga ipo. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao hakimlazimishi mtoa huduma kupekua kila kinachopita. Kifungu cha 41 kinamkinga anayehifadhi maudhui ya wengine kwa masharti: akiletewa amri aondoe mara moja, na akijua kwa njia nyengine aiarifu mamlaka husika. Hilo la pili watu hulisahau. Mnaona, mnafuta kimya kimya, mnadhani mmemaliza, na wala hamjamwarifu mtu.

Upepo_wa_Kusi

Na kufuta kimya kimya ndiko kunakomfaidisha anayepandisha. Akifutiwa, anajua chujio limemkamata kwa neno gani, anabadilisha. Msimfute; mshikeni. Tangazo lionekane kwake peke yake kama "linasubiri kukaguliwa", wengine wasilione. Atakaa siku mbili akingoja simu zisizopigwa.

Ila amri rasmi ikija, hapo ondoeni hasa, msicheze na kungoja.

Maalim_wa_Nyaya

Upande wa ufundi sasa. Chujio la neno mojamoja kwa Kiswahili halifai, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Ukimwambia asake "uchi" popote lilipo, atakamata "mbuzi wa kuchinja". Itazameni: k-UCHI-nja. Wiki ya Idi kubwa matangazo yote ya mbuzi na ng'ombe yatazuiwa, na wenye mifugo watakutukaneni. Atakamata "Uchina" na "uchimbaji wa kisima" pia. Lipo na tusi jengine limejificha mwanzoni mwa "kumalizia ujenzi". Litieni kwenye orodha muone nyumba ngapi zitapotea. Ukimbana kwa kusema neno lisimame peke yake, anakosa yenye viambishi. Kwa hiyo maneno yatoe alama tu, yasitoe hukumu.

Mpango wa alama unaofaa kuanzia: "nakuja ulipo" 1, "saa 24" 1, "huduma zote" 2, "mgeni mjini" au "siku chache tu" 2, namba iliyofichwa 2, picha iliyowahi kutumika kwa jina jengine 3, umri wa mtoa huduma kutajwa 3. Likifika 4, linashikwa mpaka mtu alisome. Fundi bomba naye huandika "nakuja ulipo saa 24". Anapata 2, anapita. Ndiyo maana sikuyapa maneno hayo alama nyingi. Na neno "masaji" lenyewe lisipewe alama hata moja.

Tangazo lolote penye dalili ya mtoto, kama "kabinti", "mwanafunzi", "wa skuli", lisihesabiwe alama. Liende moja kwa moja kwa mtu.

Namba ya simu ndiyo silaha yenu kubwa, maana majina na picha hubadilishwa bure, ila laini ina usajili wa alama za vidole. Fanyeni hivi, tena juu ya nakala ya tangazo, si tangazo lenyewe:

1. Geuza herufi zote ziwe ndogo.
2. Maneno sifuri, moja, mbili mpaka tisa yageuzwe tarakimu, lakini pale tu yanapofuatana matatu au zaidi, au yanapogusana na tarakimu. Vinginevyo "ghorofa ya pili, vyumba vitatu, choo kimoja" itakuharibieni hesabu.
3. Herufi "o" iliyobanwa na tarakimu iwe 0. "L" na "i" ziwe 1.
4. Ondoa nafasi, nukta, mikato, vistari na nyota, mstari kwa mstari. Mkiunganisha mistari yote pamoja, bei ya 255,000 itagandana na simu iliyo chini yake na mtapata namba isiyo yenyewe.
5. Saka 06 au 07 ikifuatwa na tarakimu 8, au 255 ikifuatwa na tarakimu 9. Hifadhi tarakimu 9 za mwisho tu. Hapo 07… na +2557… zinakuwa kitu kimoja.

Namba za mezani za 024 zitawapita, lakini hao hawana haja ya kujificha.

Sasa jedwali la namba litakusemesheni. Namba moja chini ya majina matatu ya wasichana, mmoja yuko Nungwi, mmoja Jambiani, mmoja "Mjini kati", huyo si mtoa masaji, huyo ni mtu anayewatangaza wengine. Na huko ndiko kwenye uzito: biashara haramu ya kusafirisha binadamu ina sheria yake ya 2008. Hilo halifutwi tu, hilo linapelekwa polisi.

Kwa picha, chukueni alama ya picha. Picha inapunguzwa kuwa vidoto 9 kwa 8 vya kijivu, kila kidoto kinalinganishwa na jirani yake wa kulia, mnapata majibu 64 ya ndiyo au hapana. Picha mbili zikitofautiana majibu yasiyozidi 10 hivi, zihesabuni moja. Inavumilia kupunguzwa ubora na kubadilishwa rangi kidogo. Haivumilii kugeuzwa kama kwenye kioo, na hiyo ndiyo hila yao ya kwanza, basi pigeni hesabu mara mbili: picha yenyewe na iliyogeuzwa. Ikikatwa pembeni sana, inapita. Hakuna dawa rahisi hapo.

Bi_Singo

Na wenye kazi zao halali? Kuna wanaochua wajawazito na waliojifungua, kuna wa singo na liwa kwa mabibi harusi, kuna spa za Paje zenye mikataba na hoteli. Kila ukitangaza, unashikwa pamoja na hao. Andikeni na wao waandike nini ili wapite.

Maalim_wa_Nyaya

Bi Singo, haki yako. Tangazo safi lina vitu ambavyo tangazo chafu haliwezi kuwa navyo. Jengo linalojulikana na saa za kufungua zenye mwanzo na mwisho. Jina la biashara kama lilivyosajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, na namba ya leseni. Bei kwa muda na kwa aina: kuchua mgongo dakika 30 kiasi gani, mwili mzima dakika 60 kiasi gani, singo ya karafuu kiasi gani. Wale wengine hawaandiki bei kwa aina, wanaandika "tutaelewana". Picha iwe ya kitanda, taulo na chupa za mafuta. Mtoa huduma akionekana, awe na sare ya kazi na mikono iko kazini. Usiandike umri wala umbo la mfanyakazi. Ukienda kwa mteja nyumbani, andika "kwa wanawake tu" na eneo, kwa mfano Mjini mpaka Fuoni.

Ngalawa77, wawekeeni hawa alama ya "imehakikiwa": mtu aende dukani mara moja aone leseni ukutani, basi. Msikimbilie kuwataka watume picha za Zan ID kwenye WhatsApp. Mkishakusanya vitambulisho vya watu mmeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na simu ya admini ikiibiwa Darajani mna kesi nyengine.

Upepo_wa_Kusi

Hamjagusa sehemu ya ajira, na huko ndiko linakoanzia. "Wanatakiwa wasichana miaka 18 hadi 22, kazi ya hoteli Zanzibar, uzoefu si lazima, nauli tunatuma, malazi bure, tuma picha nzima." Hoteli haichagui mhudumu kwa picha nzima. Tangazo la ajira lisilotaja jina la hoteli, cheo cha kazi na mshahara likataliwe hapohapo, hata likiwa halina neno baya hata moja. Likiwa la kwenda ng'ambo, watakeni jina la wakala na kibali chake.

Na mengine hayana msichana wala masaji. Ni utapeli. Picha imechukuliwa mtandaoni, mteja anaambiwa atume nauli "na ya kutolea", kisha simu inazimwa, au anaanza kutishiwa kuwa mazungumzo yatapelekwa kwa mkewe. Aliyetapeliwa hasemi kwa aibu, ndipo wanapopatia. Ujumbe wa utapeli unapelekwa 15040. Utajibiwa uandike namba iliyoutuma. Ni bure na hakuna anayeuliza ulikuwa unatafuta nini.

BintiMkoani

Jamani, na msichana ambaye picha yake imewekwa na yeye hana habari? Mnazungumza kama kwamba kila aliye pichani yumo kwenye biashara.

Sheria_Mkononi

Dada, umesema la maana kuliko yote hapo juu. Wengi wa walio pichani hawajui. Picha imetolewa kwenye hadhi ya WhatsApp au Instagram.

Akilalamika, asiambiwe "lete uthibitisho kuwa ni wewe" kabla ya kufichwa. Ficheni kwanza, ulizeni baadaye. Kosa la kuficha tangazo halali kwa siku moja ni dogo.

Yeye mwenyewe, kabla ya kufutwa, apige skrinishoti inayoonyesha anwani ya ukurasa, jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na saa. Picha iliyokatwa ikabaki sura tu haimsaidii polisi kitu. Aende kituoni aombe RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, na aulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kesi za mtandao zina kitengo chake ndani ya polisi na wao watampeleka. Apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana mara nyengine laini ya tangazo imesajiliwa kwa jina lake huyohuyo, na hapo mshukiwa wa kwanza anakuwa yeye.

Ikiwa ni picha ya utupu na yeye ni mtu mzima, kuna StopNCII.org. Picha haitoki kwenye simu yake. Inayotumwa ni alama yake tu, na Facebook, Instagram na TikTok ni miongoni mwa wanaoitumia alama hiyo kuizuia. Kwa aliye chini ya miaka 18, ya kwake inaitwa Take It Down. Zote mbili hazifanyi kazi kwenye tovuti ambayo haimo katika mpango, kwa hiyo tovuti yenu bado inahitaji jedwali lenu la picha. Simu ya watoto ni 116, inapigwa bure, Bara na Visiwani.

Na hili ndilo nililosema lina maelezo yake: mkikuta picha ya mtoto, msiipige skrinishoti, msiitume kwenye kundi la maadmini "mtazame hii". Kuisambaza hata kwa nia njema ni kuisambaza. Ifungeni isionekane, msiifute kwenye seva, andikeni anwani ya ukurasa, namba na saa, pigeni polisi. Wataichukua wao kwenye seva.

Ngalawa77

Nimekufahamuni. Basi sehemu nzima tuifunge au la? Na Facebook je, kule hatuna programu yetu.

Upepo_wa_Kusi

Mimi ningeifunga. Tovuti ya friji na vespa haina haja ya masaji.

Maalim_wa_Nyaya

Mimi nisingeifunga. Craigslist, tovuti nyengine ya matangazo ya Marekani, ilifunga sehemu yake ya kutafuta wenza Machi 2018 hata kabla FOSTA haijatiwa saini, na matangazo hayakufa, yalihama. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani iliandika Juni 2021 kuwa soko limekimbilia kwenye tovuti zilizo nje ya nchi, ushahidi umekuwa mgumu kupatikana, na ile sheria mpya mpaka wakati huo waendesha mashtaka walikuwa wameitumia mara moja tu. Ukifunga "Afya na Urembo", Bi Singo na wenzake watapoteza, na wale watahamia "Vyumba vya kupanga": "chumba cha saa, faragha, mwenyeji yupo". Huko hamtakuwa na jedwali wala alama.

Facebook: washeni idhini, chapisho lolote lisionekane bila admini kulipitisha. Wekeni arifa ya maneno. Maswali ya kujiunga yawe mawili ambayo akaunti za kupandisha haziwezi kuyajibu haraka, kwa mfano "unaishi shehia gani, na unauza nini". Kwenye kundi msifute tu, ripotini na akaunti yenyewe. Maadmini wawe angalau wawili walio kwenye saa tofauti; aliyeko Muscat yuko saa moja mbele na wa London yuko nyuma, ndio wa kukesha.

Sheria_Mkononi

Mkubaliane yoyote, ila wekeni daftari. Mistari mitano kwa kila tangazo lililoshikwa: tarehe na saa, anwani ya ukurasa, tarakimu 9, sababu, nani aliarifiwa na kwa barua gani. Lihifadhiwe pengine nje ya tovuti, watu wawili tu ndio waweze kulifungua. Siku mtakapoitwa, mtaulizwa mlijua lini na mkafanya nini saa hiyo. Daftari ndilo litakalojibu, na liandikwe siku ileile, si usiku wa kuamkia kuitwa.

Ngalawa77

Ahsanteni. Ya kufuta maneno tumeiacha. Maalim, ile ya kugeuza picha kama kioo, inahesabiwa wakati wa kupandisha au usiku kwa pamoja?

Maalim_wa_Nyaya

Wakati wa kupandisha, kabla haijaonekana. Ukiacha mpaka usiku, limeshakaa hewani siku nzima.